Maswali na Majibu: Kolaji kwa Mikono ya Utu Uzima

Kolaji ni picha inayojengwa kwa vipande vya karatasi, kitambaa na chochote kinachokubali gundi. Toleo lililopita tuliwashauri wasomaji waliovuka miaka 55 waichezee hivi: kwanza watie alama kwenye karatasi nyingi bila kuwaza picha yoyote, ndipo wazichane na kuzibandika. Barua zilizokuja zimeshinda nafasi. Tumechagua zinazouliza yanayowasumbua wengi, na tumezifupisha.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati, nina miaka 67. Darasa la nne nilichora ng'ombe, wenzangu wakasema ni meza. Sijashika brashi tangu siku hiyo. Nikikaa mbele ya karatasi nyeupe mkono unaganda. Nianze na nini, na ninunue nini?
Mstaafu, Korogwe

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Ng'ombe mwache zizini. Mkono unaganda kwa sababu ng'ombe anajulikana, na kila mpita njia ana wa kumlinganisha naye. Mchirizo uliopigwa kwa kitana haujulikani na mtu, kwa hiyo hakuna wa kukuambia umekosea. Ndiyo maana tunaanza na alama.

Manunuzi ni machache. Karatasi unazo tayari: za fotokopi zilizotumika upande mmoja, migongo ya kalenda za zamani, bahasha za kaki zilizofunguliwa na kunyooshwa. Kusanya 20. Dukani chukua kopo dogo la rangi ya maji ya ukutani, nyeupe, na jingine la nyeusi au bluu iliyokoza ya aina hiyohiyo. Brashi bapa ya inchi moja na nusu. Na gundi nyeupe ya maseremala. Rangi ya mafuta iache. Gundi ya maji haishiki vizuri juu yake, na nyumba itanuka siku tatu.

Siku ya kwanza tumia rangi moja tu. Changanya vijiko vitatu vya rangi na kijiko kimoja cha maji, iwe nzito kama mtindi. Usichovye kifaa chako cha kupigia alama ndani ya kopo. Weka kipande cha sifongo kwenye sahani, kimiminie rangi hadi kilowe, kisha gandamiza kifaa chako juu ya sifongo, ndipo ukigonge kwenye karatasi. Wengi huharibu hapahapa: rangi ikizidi, gunzi, kizibo na kidole vyote huacha doa la aina moja, na mtu anadhani kifaa ni kibaya.

Halafu karatasi moja, kifaa kimoja, tendo moja, na dakika isizidi moja. Gunzi la muhindi ukiliviringisha linaacha safu za vitone kama shamba lililopandwa kwa kamba. Kizibo cha chupa ya soda kina meno 21, utayahesabu mwenyewe. Chelewa kumi zilizofungwa pamoja, zikiburutwa kimshazari, zinatoa mvua ya upepo. Shina la jani la mgomba likikatwa kwa kisu kikali lina matundu kama sega la nyuki, na umbo lake ni la mwezi mchanga. Hili tunalipenda kuliko mihuri yote ya dukani. Bamia ikikatwa katikati inapiga ua, ila ilaze kwanza kwenye kitambaa, uso wa mkato chini, kwa dakika kumi na tano. Ute wake unaikataa rangi, na mtu asiyejua hilo hulaumu bamia.

Ukimaliza karatasi 20, usizitazame kama kazi ya sanaa. Zianike, zikikauka zibebe kama fundi anavyobeba vitambaa: hiyo ni malighafi. Kupaka kwanza na kukata baadaye kuna wenyewe waliotangulia. Mchoraji Henri Matisse wa Ufaransa alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941 akiwa na miaka 71, na baada ya hapo kusimama mbele ya turubai kukawa kazi nzito. Wasaidizi wake wakawa wanapaka karatasi rangi, zinakauka, naye anazikata kwa mkasi akiwa ameketi kitini au kitandani. Aliyekuwa akipaka hakujua kipande kitakuwa jani au samaki, na rangi haikumdai kujua.

SWALI: Kila ninachobandika kinatoka mikunjo kama uso wangu. Natumia kurasa za magazeti ya rangi na gundi nyeupe juu ya karatasi ya manila. Vikikauka, manila yenyewe inajikunja kama bati lililopigwa na upepo. Nimekata tamaa.
Bibi wa wajukuu sita, Mombasa

JIBU: Shikamoo Bibi. Uso wako hauna kosa, na mkono wako pia hauna. Kosa ni la maji. Karatasi ni nyuzi zilizosukwa ovyo. Zikinywa maji ya gundi huvimba, na karatasi hutanuka. Ukiigandamiza wakati bado inaendelea kutanuka, imeshikwa huku na imeshikwa kule, basi nafasi iliyobaki ni kupanda juu. Huo ndio mkunjo.

Dawa ni kupunguza maji na kuisubiri karatasi. Kwa ukurasa mwembamba wa gazeti la rangi, gundi iwe nzito: vijiko vitatu vya gundi kwa kijiko kimoja cha maji, si zaidi. Ipake kwenye msingi, yaani ile karatasi ya chini, si kwenye kipande, tena nyembamba kiasi kwamba unaona msingi chini yake. Shika kipande kwa ncha mbili, kilaze kuanzia ukingo mmoja, kisha kisukume kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, kutoka katikati kwenda nje. Kwa karatasi nzito, kama kaki au zile ulizopaka rangi ya ukutani, fanya kinyume. Paka gundi mgongoni mwake, iache dakika mbili imalize kutanuka, irudishie gundi kidogo, ndipo uilaze. Hizo dakika mbili ndizo watu wanazoziruka.

Kibofu cha hewa kikibaki, usikifukuze kwa nguvu. Kitoboe kwa sindano ukingoni, bonyeza, kimekwisha.

Sasa hilo bati. Manila ni nyembamba mno kwa kazi ya tabaka nyingi. Karatasi ya mbele ikikauka inasinyaa na kuvuta, na manila haina nguvu ya kukataa. Tumia kadibodi ngumu ya milimita mbili au zaidi, kama ile ya mgongo wa kalenda ya mezani, au kipande cha hadibodi kutoka kwa seremala. Kabla ya kuanza, ipake pande zote mbili gundi iliyolainishwa na maji nusu kwa nusu, ikauke. Na siku ileile unayobandika mbele, bandika karatasi ya uzito huohuo nyuma, ya ukubwa sawa, ili ivute upande wa pili. Mafundi wa kujalidi vitabu wanafanya hivyo kwenye kila jalada.

Jambo la mwisho Bibi, ni la uzani. Funika kazi kwa kitambaa safi cha pamba, juu yake ubao, juu yake kilo tano au kumi za chochote, hata unga wa nyumbani. Badilisha kitambaa baada ya saa moja kwa kuwa kimeshakunywa maji, kisha acha hadi kesho. Watu huweka plastiki badala ya kitambaa wakiogopa kunata. Plastiki inafungia unyevu ndani, na kwa hewa ya Mombasa wakati wa masika utafungua ukute ukungu.

SWALI: Gundi ya dukani naiona ghali kwa mchezo wa mtu mzima. Marehemu mama alikuwa akipika gundi ya unga. Vipimo vyake vilikuwaje? Na nifanyeje mende wasiniharibie?
Mama Salma, Unguja

JIBU: Vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano, visivyojaa sana, kwa kikombe kimoja cha maji cha mililita 250. Koroga unga kwanza na robo ya maji hayo yakiwa baridi, mpaka mabonge yaishe kabisa. Maji yaliyobaki yachemke. Mimina ule uji baridi ndani yake huku unakoroga, punguza moto, endelea dakika tatu au nne hadi uache weupe wa maziwa na uanze kung'aa. Chuja ukiwa moto. Ukipoa utakuwa mzito zaidi, usishtuke ukaongeza unga.

Ukipata wanga wa muhogo, ule wa kupigia nguo, tumia vijiko viwili tu kwa kikombe hichohicho. Unakauka bila kuacha weupe, hivyo unafaa juu ya rangi zilizokoza. Ngano inafaa zaidi kwa karatasi nzito.

Kwa joto la Unguja gundi hii ina maisha ya siku mbili, kwenye friji wiki moja. Unguja nanyi mna karafuu: matone mawili au matatu ya mafuta ya karafuu kwa kikombe huchelewesha ukungu, na ni mbinu ya zamani ya watengeneza gundi na rangi. Kuna wanaotia mrututu. Msiutie. Unaua wadudu kweli, lakini ni sumu, na gundi iliyo bakulini jikoni mtoto anaiona uji.

Mende wanafuata chakula, na gundi ya unga ni chakula. Kazi ikishakauka vizuri, ipake mbele, nyuma na kwenye kingo tabaka mbili za gundi nyeupe ya dukani iliyolainishwa nusu kwa nusu. Kingo ndizo wanazoanzia. Hivyo utakuwa umetumia gundi ghali kidogo tu, mwishoni.

Na usiimalize gundi yote kwenye kubandika. Changanya vijiko vinne vyake na kijiko kimoja cha rangi ya ukutani, paka kwenye karatasi uliyoilowesha kidogo kwa sifongo, kisha chora juu yake kwa kitana, kwa uma, kwa meno ya kadibodi uliyoikata kwa mkasi. Una kama dakika tano hadi kumi kabla haijaanza kukauka. Ukikosea, pitisha brashi, uso unarudi mtupu kama mwanzo, unachora tena. Kwa mtu anayeogopa kukosea hakuna karatasi yenye huruma kama hii.

SWALI: Nilipaka karatasi manjano ya jikoni ili nipate rangi ya dhahabu. Ilikuwa nzuri. Nilipokuwa nafua, povu la sabuni ya mche likairukia, na kila lilipoangukia pakageuka pekundu! Je, manjano yangu yamechanganywa na kitu?
Mama Juma, Tanga

JIBU: Manjano yako ni safi, Mama. Rangi ya manjano hubadilika ikikutana na kitu chenye ukali wa magadi, na sabuni ya mche inao. Ulichokiona kwa bahati unaweza kukifanya kwa makusudi, nasi tunakiweka miongoni mwa michezo bora kwa mtu anayeanza.

Chemsha kijiko cha chai cha manjano katika nusu kikombe cha maji kwa dakika tano, chuja kwa kitambaa, paka mara mbili kwenye karatasi isiyong'aa. Ikauke kabisa. Yeyusha robo kijiko cha chai cha magadi katika vijiko vinne vya maji. Chonga kijiti cha mwanzi, chovya, chora. Maji hayana rangi, kijiti hakina rangi, lakini mstari unatokea wa kahawia nyekundu mbele ya macho yako, papo hapo. Ukitaka kufuta sehemu, gusa kwa maji ya limau: wekundu unarudi njano, na pembeni hubaki kivuli chembamba ambacho huwezi kukichora kwa brashi yoyote. Maji ya majivu nayo yanafanya kazi, ingawa mstari wake ni hafifu.

Ubaya wake ni jua. Manjano hupauka upesi sana kwenye mwanga. Jaribu mwenyewe: funika nusu ya karatasi kwa kitabu, iweke dirishani wiki moja. Kwa hiyo karatasi hizi zinafaa kwenye daftari, kwenye kadi za mkono, au ndani ya jalada, si ukutani sebuleni. Gundi pia uipake nyuma tu. Baadhi ya gundi nyeupe zina asidi kidogo, na ukiipaka juu mstari wako mwekundu utarudi njano kama uliopigwa limau.

Ukitaka kiza kinachodumu zaidi, tia misumari yenye kutu katika chai ya rangi iliyokolea sana pamoja na kijiko cha siki, iache siku mbili. Inakuwa nyeusi ya kijivu. Kwenye karatasi nyembamba usiipake nzito, maana baada ya miaka huila karatasi.

SWALI: Nina miaka 74. Nimekusanya pakiti za unga na karatasi za sabuni, nusu ya kabati. Wanangu wananiambia nakusanya takataka na kwamba mambo haya ni ya watoto wa nasari. Pakiti hizi zinafaa kweli?
Cucu, Thika

JIBU: Waambie wanao kuhusu Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka 1928, akasomea sanaa Makerere kuanzia 1950 hadi 1952, kisha akafundisha shule kwa miaka mingi. Alipokuwa anakaribia miaka 60 akarudi kwenye sanaa, na kwa kuwa rangi zilikuwa ghali kwake, alikata pakiti za unga na karatasi za sabuni, vipande vidogovidogo, akajengea wanyama na watu wa kijijini. Mwaka 1990 kazi hizo zilioneshwa Studio Museum in Harlem, New York. Kabati lake lilifanana na lako. Na kama umri wenyewe ndio hoja, Mary Delany wa Uingereza alianza kukata maua ya karatasi akiwa na miaka 72 hivi, akafanya karibu 1,000 kwa muda wa miaka kumi, mpaka macho yalipomwangusha. Yametunzwa British Museum.

Kuhusu pakiti zako. Ya unga ifungue kwenye mshono wa gundi kwa mvuke wa sufuria, usiichane. Ikung'ute nje, kisha ifute ndani kwa kitambaa kikavu mara mbili. Unga uliobaki ndio utakaokuletea fukusi kabatini. Inyooshe kwa pasi isiyo na mvuke, moto wa kati, ikiwa katikati ya vitambaa viwili. Upande wa ndani, ule wa kaki usio na maandishi, usiudharau. Huo ndio utakaohitaji zaidi.

Karatasi za sabuni nyingi zina nta au plastiki. Dondosha tone la maji: likisimama kama shanga, gundi haitashika. Sugua mgongo wake kwa msasa laini mpaka ung'avu ufe, jaribu tone tena. Likiendelea kusimama, hiyo itupe, Cucu, na hapo wanao watakuwa wamepata haki yao kidogo.

SWALI: Baba yetu alikuwa fundi cherehani. Sasa ana miaka 79 na mikono inamtetemeka, hashiki brashi wala mkasi vizuri. Anakaa tu. Tunaweza kumpa mchezo huu bila kumuaibisha?
Mtoto wa fundi, Nakuru

JIBU: Kama mtetemeko ni wa karibuni au unaongezeka, daktari kwanza. Baada ya hapo, ndiyo, na Mzee ana ujuzi ambao wengi wetu hatuna.

Cherehani bado ipo? Mtoe uzi, weka sindano ya zamani (karatasi huifanya butu, usitumie mpya), mshono urefu wa milimita tatu hadi nne, apitishe karatasi kama anavyopitisha kitambaa. Inatoka mistari ya matundu. Ukiiinua kwenye mwanga ni alama tayari. Ukiivuta, inachanika hapohapo kwa ukingo wenye meno madogo kama stempu. Mkasi haukuhitajika. Kile kigurudumu chenye meno cha kuhamishia alama za vipimo, akikiviringisha kwenye rangi kisha kwenye karatasi, kinatoa vitone vilivyonyooka. Chaki ya fundi nayo, ikilazwa ubavu, inatoa mstari mpana wenye ukungu. Vyote hivyo mkono wake unavijua kuliko brashi.

Kwa kuchana bila cherehani, chora mstari wa maji kwa brashi iliyolowa, subiri nusu dakika, vuta taratibu pande zote mbili. Karatasi inaachia kwenye mstari na kuacha manyoya laini. Karatasi kavu iliyopakwa rangi ina siri yake: kila mpasuko hutoa vipande viwili, kimoja na ukingo mweupe, kingine bila. Badilisha mwelekeo wa kuvuta, na weupe unahamia kipande cha pili. Mzee atalishika hilo kwa siku moja.

Mezani, bandika pembe nne za karatasi kwa utepe wa wapaka rangi isimkimbie. Meza iwe ya kimo ambacho viwiko vinalala juu yake. Mpini wa brashi uvishe mpira wa tyubu ya baiskeli hadi unene wa sentimita tatu, maana mpini mwembamba ndio unaolazimisha vidole kubana, na kubana kunazidisha mtetemeko. Gundi apake kwa sifongo. Na mstari wake ukitoka na mawimbi, msiunyooshe wala msimwonee huruma mbele yake. Kwenye kolaji mstari wa aina hiyo una uhai, na ukikatwa ukawekwa kando ya karatasi tupu unasimama wenyewe. Vijana wenye mikono imara huutafuta kwa kuchora na mkono wa kushoto.

SWALI: Naweza kupata nakshi za milango ya zamani kwa kuisugulia karatasi?
Mpenda nakshi, Lamu

JIBU: Kwa ruhusa ya mwenye nyumba, na kwa nakshi za kina kifupi tu, kama za ukingo wa fremu. Nakshi za ndani zaidi hupasua karatasi, na misumari ya shaba ndiyo kabisa. Karatasi iwe nyembamba, ishikwe na mtu wa pili. Utepe wenye gundi usiguse mbao kuukuu. Krayoni ivuliwe karatasi yake, ilazwe ubavu, isuguliwe kuelekea upande mmoja. Mjerumani Max Ernst aliifanya mbinu hii kuwa ya wachoraji mwaka 1925, akianza na mbao za sakafu, na hapo ndipo fundisho lilipo: mkeka, ungo, kitako cha kikapu cha ukili na soli ya kandambili hutoa alama nzuri kuliko mlango wenyewe. Ukimaliza, pitisha rangi ya maji nyepesi juu. Nta inaikataa, nakshi inabaki nyeupe au rangi ya krayoni.

SWALI: Nina karatasi zaidi ya mia, zote nzuri. Nikizibandika pamoja inakuwa fujo, kama soko limeangukiwa na mti. Nakosea wapi?
Mstaafu wa benki, Kigoma

JIBU: Umetaja kosa mwenyewe: zote ni nzuri. Zote zinapiga kelele. Katika kila karatasi kumi tunashauri nne ziwe kimya kabisa, rangi moja bila alama, au mgongo wa kaki. Nne ziwe na alama ndogo za kunong'ona. Mbili tu ziwe na sauti kubwa. Chukua 40 kati ya zako, zipitishie rangi nyeupe ya ukutani iliyolainishwa nusu kwa nusu. Alama zitaonekana kwa mbali kama kitu kilicho nyuma ya pazia. Utaumia mkono ukifanya hivyo kwa zile unazozipenda. Fanya.

Kosa la pili ni kukata vipande kwa kukisia. Tengeneza dirisha: kata kadibodi mbili umbo la herufi L, kila mkono sentimita 20 na upana sentimita 4, ziweke zikikabiliana upate mraba unaoweza kuupanua na kuufinya. Lipitishe polepole juu ya karatasi kubwa. Kuna mahali, kwa kawaida si pale ulipotarajia, ambapo mchirizo mmoja na doa moja vinakaa vizuri. Zungushia penseli, kata hapo. Karatasi ya A3 hutoa vipande vitatu au vinne vya namna hiyo, na inayobaki ni ya kujazia.

Panga bila gundi kwanza. Piga picha kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama vipande vyote vimekuwa kijivu kimoja, ndiyo fujo yako: rangi zinatofautiana lakini giza na mwanga havitofautiani. Badilisha kimoja kiwe cheusi kabisa, kingine cheupe, piga tena. Ukiridhika, andika namba kwa penseli nyuma ya kila kipande ukianzia cha chini, kwa sababu ukianza kuinua ili upake gundi hutakumbuka kipi kilikuwa juu ya kipi. Gundi iwe kesho. Mpangilio uliokupendeza saa nne usiku mara nyingi una kipande kimoja cha ziada, na asubuhi utakiona.

SWALI: Sahihi niweke wapi, na kwa kalamu gani?
Anayeanza, Bujumbura

JIBU: Mbele, pembeni chini, kwa penseli, herufi ndogo, kwa sababu kalamu za wino wa maji huchirizika tabaka la mwisho la gundi likipita juu. Nyuma andika tarehe, gundi uliyotumia na kiasi cha maji ulichotia. Mwaka ujao moja kati ya kazi zako itakuwa imegeuka njano, na utataka kujua ni ipi kati ya gundi zako iliyofanya hivyo.